Kile kikola cha mabegani si cha Formula One

Umesema HANS, kile kikola kinachozuia kichwa cha dereva wa mbio za magari kisirushwe mbele kwenye ajali, kilianzia Formula One baada ya kifo cha dereva wake Ayrton Senna cha 1994. Hapana kaka, hakikuanzia huko wala hakikuletwa na kifo hicho. HANS ni kazi ya Robert Hubbard, profesa wa uhandisi wa Michigan State University kule Marekani, pamoja na shemeji yake Jim Downing aliyekuwa dereva wa mashindano. Downing alimpoteza rafiki yake Patrick Jacquemart kwenye ajali ya 1981: mwili umeshikwa na mkanda, kichwa na helmeti yake vinarushwa mbele, mfupa wa chini ya fuvu unavunjika. Miaka michache tu baadaye walikuwa na kifaa cha kwanza cha majaribio. Wakubwa wa mbio wakakipuuza miaka nenda rudi, mpaka Dale Earnhardt, dereva maarufu wa Marekani, alipofariki kwenye mbio za Daytona Februari 2001. Formula One wenyewe walikilazimisha 2003.

Nimekishika kimoja hapa Tanga, gereji moja ya Ngamiani, rali ilipopita. Chepesi ajabu. Kimepinda kama kola, kinalala mabegani, kina vikanda viwili vinavyonasa kwenye helmeti kushoto na kulia.

Ila usikimbilie kukinunua uvae kwenye Noah yako. Kinashikiliwa na mikanda inayopita juu ya mabega yote mawili. Mkanda huu wetu wa kukatiza kifuani hauwezi kukibana.