Kompyuta ya zamani inayopiga kelele: tafuta kwanza feni yenye kosa

Kwa miezi mingi nilikuwa nikiwasha kompyuta yangu ya mezani huku nikisubiri ule mlio. Kwanza mvumo mzito, halafu baada ya dakika mbili tatu inaanza kukwaruza, krrr, krrr, kama kuna kitu kinasagwa ndani. Kazi yangu ni kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika, kwa hiyo kelele ile iliniumiza hasa. Ilifika mahali narudisha rekodi nyuma mara tatu, mara nne, ili nilipate neno moja. Wengi waliniambia ninunue mashine nyingine. Lakini mashine yenyewe ilikuwa nzima. Inawaka vizuri, inamudu kazi zangu zote, na programu zake zilikuwa tayari kwenye SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Kilichochakaa ni feni tu, na feni ni kitu cha kubadilishwa kinapokwisha, kama tairi.

Naanza na pale nilipokosea, maana ndipo pesa za watu wengi zinapopotea. Nilifungua kasha, nikaona feni ya nyuma imejaa vumbi, nikaamua ndiyo hiyo. Nikanunua mpya, nikaifunga kwa uangalifu, nikawasha. Krrr, krrr, vilevile. Feni ya nyuma haikuwa na tatizo lolote. Iliyokuwa ikilia ni ndogo ya juu ya prosesa, ile chipu kuu ya kompyuta, ambayo sikuwa nimeigusa kabisa.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, jua ni ipi. Kompyuta ya mezani huwa na feni ya nyuma ya kasha, ya prosesa, ya ndani ya pawa saplai (kisanduku kinachoigawia mashine umeme), na pengine ya kadi ya grafiki na ya mbele. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, ondoa ubavu wa kasha, kisha chomeka tena na uiwashe ikiwa wazi. Kunja mikono ya shati, funga nywele kama ni ndefu. Ikianza kulia, weka ncha ya kidole katikati kabisa ya feni, pale kwenye kitovu panapozunguka, ubonyeze taratibu mpaka isimame kwa sekunde moja au mbili. Usiguse mapanga yake. Kelele ikikatika papo hapo, umeipata. Kama huna ujasiri wa kuigusa, kunja karatasi ngumu iwe bomba, upande mmoja sikioni, mwingine uusogeze karibu na kila feni. Utashangaa jinsi sauti inavyojitenga. Feni ya pawa saplai ipime kwa bomba tu, kidole hakiingii humo.

Sikiliza pia ni kelele ya namna gani. Kukwaruza na kusaga mara nyingi ni beringi iliyokwisha, yaani sehemu inayoshika mhimili wa feni uzunguke laini. Mvumo mpana kama upepo mkali maana yake feni inazunguka kasi mno, na hapo feni yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa. Tiktiktik ya haraka ni waya unaogusa panga, usukume pembeni na kazi imekwisha. Mngurumo unaopungua ukishika kasha kwa kiganja ni mtetemo, na huo mara nyingi hutoka kwenye hadi diski (diski inayozunguka ya kuhifadhia data) au skrubu iliyolegea.

Mimi nilikuwa na mawili kwa pamoja. Nilipoifungua feni ya prosesa kutoka kwenye mapezi ya chuma yaliyo chini yake, yale yanayoipooza prosesa, nilikuta vumbi limejishika kama kipande cha blanketi la kijivu, limeziba mapezi yote. Nililibandua kwa vidole, likatoka zima, na alama za mapanga zimechorwa juu yake. Hapo ndipo nilipoelewa. Hewa haikuwa ikipita, prosesa inapata joto, madabodi, ubao mkuu wa kompyuta, inaamuru feni iongeze kasi, na feni yenye beringi iliyochoka inasukumwa izunguke zaidi ya inavyomudu. Baada ya kusafisha kwa brashi laini na hewa ya kupuliza, kasi ilishuka kutoka mizunguko 2,800 kwa dakika hadi 1,900 hivi, kabla sijaibadilisha feni hiyo. Unapopuliza, zuia mapanga kwa kidole. Yakizungushwa kwa nguvu na hewa, beringi inaumia na mota inaweza kurudisha umeme kwenye madabodi.

Kuna wanaoinua stika ya katikati na kutia tone la oili nyepesi ya mashine. Nilijaribu. Ilitulia wiki tatu, kisha kelele ikarudi. Kwa feni nyingi za bei ya chini, mhimili huzunguka ndani ya bomba dogo lenye oili. Oili ikikauka, bomba linalika, mhimili unacheza, na ulaji huo oili mpya haiurudishi. Itie kama unasubiri feni mpya ifike, basi.

Sasa kuchagua. Pima fremu ya feni ya zamani kutoka ukingo hadi ukingo. Saizi za kawaida ni milimita 80, 92, 120 na 140. Kama rula yako inakuchanganya, pima umbali kati ya matundu mawili ya skrubu yaliyo upande mmoja: milimita 71.5 ni feni ya 80, milimita 82.5 ni ya 92, milimita 105 ni ya 120. Unene mara nyingi ni milimita 25, lakini zipo nyembamba, kwa hiyo upime nao. Kisha hesabu pini za plagi. Feni ya pini 4 ndiyo rahisi kuongoza, kwa kuwa pini ya nne hubeba amri ya kasi. Ya pini 3 itaingia kwenye soketi ya pini 4 na kuzunguka, ila baadhi ya madabodi haziwezi kuipunguza, hivyo itakimbia kasi yake yote, na utakuwa umenunua kelele mpya. Baadhi ya kompyuta zilizounganishwa kiwandani zina plagi ya umbo lake au waya zilizopangwa tofauti. Ukiona plagi isiyofanana na ya kawaida, usilazimishe.

Jambo ambalo natamani ningelijua mapema ni hili: kelele ya feni haishuki sawasawa na kasi. Ukipunguza kasi kwa nusu, hewa inapungua kwa nusu, lakini kelele inashuka kwa takriban desibeli 15, na sikio la mtu huhisi desibeli 10 tu kama sauti imepungua nusu. Ndiyo maana feni kubwa inayozunguka polepole inaishinda ndogo inayokimbia. Kama kasha lako lina matundu ya milimita 120 nyuma lakini limefungwa feni ya 80, weka ya 120 bila kusita. Tafuta iliyoandikwa FDB kwenye boksi, ambayo mhimili wake huelea juu ya tabaka la oili lililofungiwa ndani ya beringi. Hutulia zaidi na hudumu kuliko zile za bomba la kawaida.

Kufunga si kazi ngumu. Piga picha ya kila kitu kabla hujachomoa. Hewa hutokea upande wenye vijiti vinavyoshika mota, na fremu nyingi zina mshale mdogo pembeni unaoonyesha inakoelekea. Ya nyuma itoe hewa nje, ya prosesa mara nyingi ipulize kwenye mapezi. Fuata ilivyokuwa ile ya zamani. Waya wa feni ya prosesa urudishe kwenye soketi iliyoandikwa CPU_FAN, la sivyo mashine nyingi zitakataa kuendelea na kuonyesha onyo kwamba feni haipo. Skrubu zikaze kwa mkono wa kiasi, ukipishanisha pembe. Ukipata vibanio vya mpira badala ya skrubu, vitumie kwenye feni za kasha. Vinameza mtetemo usifike kwenye bati.

Mara nyingi feni ya prosesa hutoka peke yake bila kuondoa mapezi. Ukilazimika kuyaondoa, washa mashine dakika kumi ipate uvuguvugu, zima, chomoa umeme, kisha uyazungushe kidogo kushoto na kulia kabla ya kuinua. Pesti ya zamani, ule uji wa kupitisha joto ulio kati ya prosesa na mapezi, hushika kama gundi, na kwenye baadhi ya soketi inaweza kung'oa prosesa pamoja na pini zake. Pesti hiyo futa yote, paka mpya kiasi cha punje ya mchele katikati.

Pawa saplai usiifungue. Hata ikiwa imechomolewa, kapasita zake, vipande vinavyohifadhi umeme, zinaweza kubaki na umeme wa kukuumiza vibaya au kukuua. Kama ndiyo inayolia, ibadilishe nzima.

Ukimaliza, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, uone mpango wa kasi za feni. Wangu ulikuwa umewekwa feni zikimbie wakati wote. Niliupanga prosesa ikiwa chini ya nyuzi 50 feni ziende polepole, kisha zipande taratibu kadiri joto linavyopanda. Usiishie hapo. Ipe mashine kazi nzito kwa nusu saa huku programu ya kupima joto ikiwa wazi. Yangu ilikuwa ikifika nyuzi 82 kabla ya kusafisha, sasa inakomea 67. Kama yako inapanda na kuendelea kupanda, ongeza kasi kidogo. Ukimya unaochoma prosesa haufai.

Feni zilipotulia, nikaanza kusikia kitu ambacho zilikuwa zimekifunika: mngurumo mwembamba, usiobadilika. Ilikuwa hadi diski ninayohifadhia rekodi. Inazunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani 120 kwa sekunde, na bati la kasha lilikuwa likitetemeka nayo. Niliweka pete bapa za mpira (washa) kati ya diski na kishikilio chake, ukaisha. Ile feni niliyoinunua kimakosa bado iko nyuma, inazunguka chini ya 900. Siku hizi nikirudisha rekodi nyuma, ni kwa sababu mzungumzaji mwenyewe amemeza neno.