Joto la alasiri katika ofisi ya vioo: mapazia au tinti?

Swali: Mhandisi, ofisi yetu iko ghorofa ya tisa katika jengo la vioo katikati ya Kampala, na madirisha yote yanatazama magharibi. Kuanzia saa tisa alasiri hapakaliki, ingawa kiyoyozi hakizimwi. Mwenye jengo anatushauri tutundike mapazia mazito. Fundi anasema tubandike tinti. Tumfuate nani?

Jibu: Mfuateni fundi, lakini kwa masharti. Kampala iko takriban mita 1,190 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake kwa kawaida haina ukali wa kuwatoa watu ofisini. Kinachowaunguza ni jua linalopenya kioo, na likishapenya, pazia haliwezi kulirudisha lote nje. Liguseni saa kumi: mtalikuta la moto, na joto hilo linabaki chumbani kiyoyozi kikihangaika nalo. Pazia jeupe hurudisha kiasi. Zito la rangi ya kiza hupunguza mng'ao machoni tu.

Kwa kuwa tuko karibu kabisa na ikweta, jua la adhuhuri hukaa juu sana mwaka mzima, hivyo dirisha la kaskazini au kusini lenye kimo cha mita 1.8 hukingwa saa hiyo na kibaraza cha sentimita 80 kilichotokeza nje juu yake, hata Juni na Desemba. Magharibi hesabu hiyo haifai. Kufika saa kumi na moja jioni jua limeshuka hadi nyuzi kama 28, na dirisha lile lile lingehitaji kibaraza cha zaidi ya mita tatu, gharama ambayo sijui mwenye jengo gani angeikubali. Kinga ya kweli ya upande huo ni mabapa ya wima yaliyofungwa nje ya kioo na kugeuzwa kimshazari, au ukuta wa matundu kama ule wa mbele ya Jumba la Taifa la Maonyesho (National Theatre) la hapa Kampala, lililofunguliwa mwaka 1959. Waliojenga enzi hizo walilijua jua letu kuliko sisi tunaoiga minara ya nchi za baridi.

Kuhusu tinti, msichague kwa weusi wake. Karibu nusu ya nishati ya jua ni miale isiyoonekana kwa macho, kwa hiyo tinti inaweza kutia giza chumba na bado ikapitisha joto jingi. Mwombeni muuzaji kipimo cha sehemu ya joto la jua linaloingia ndani: kioo cheupe cha milimita 6 hupitisha takriban 0.8, na tinti inayofaa inapaswa kukishusha chini ya nusu ya hapo. Tena, tinti nyeusi inayofyonza joto hukichemsha kioo katikati huku kingo zilizofichwa ndani ya fremu zikibaki baridi, na tofauti hiyo huweza kukipasua, hasa kikiwa cha tabaka mbili. Kwa sababu hiyo pateni kwanza kibali cha maandishi cha mwenye jengo, chenye kutaja aina ya kioo na nani atalipa kikipasuka.