Dodoso Likirudi Safi kwa Kiingereza, Usishangilie Bado

Ukipewa kazi ya kutafsiri dodoso la kupima utendaji wa wafanyakazi, huenda ukaangukia lile la Linda Koopmans na wenzake wa Uholanzi. Lina maswali 18: 5 ya kazi yenyewe, 8 ya yale mtu anayojituma kufanya zaidi ya majukumu yake, na 5 ya mwenendo unaoharibu kazi, yote yakiulizia miezi 3 iliyopita. Omba ruhusa kwa wenyewe, kisha fuata njia iliyozoeleka: watafsiri 2, kila mmoja kivyake, mnakaa kuoanisha, mtu ambaye hajaliona dodoso la awali anarudisha kwa Kiingereza, jopo linakagua.

Mimi nilipofika hapo nilijiona nimemaliza.

Swali moja linauliza kama mtu alizichukua kazi za kumpima uwezo zilipopatikana. Tukaandika "Nilipokea kazi zenye changamoto." Likarudi kwa Kiingereza limenyooka kabisa, jopo likapitisha. Tulipolijaribu kwa wafanyakazi wa stoo, mzee mmoja akalisoma, akaweka kalamu chini. "Changamoto gani, mwanangu? Gari likiharibika?"

Kwake changamoto ni tatizo lililovishwa adabu, kama afisa anavyosema zahanati ina changamoto ya dawa. Aliyejibu "mara nyingi" alikuwa anatuambia kazini kwake kuna shida tupu! Mtafsiri wa kurudisha hawezi kulinasa kosa hilo, maana anakijua Kiingereza na neno lenyewe linampeleka moja kwa moja kulekule lilikotoka.

Basi kaa na watu 30 hadi 40 wa aina utakayoipima, na usiwaulize "Umeelewa?" Wataitikia wote, kwa heshima tu. Sema: "Hebu niambie kwa maneno yako, hapa unaulizwa nini?" Majibu ya kuchagua nayo yaandike kwenye vikaratasi, mwombe ayapange toka dogo hadi kubwa. Nilidhani "mara kwa mara" na "mara nyingi" hazina ubishi. Jaribu uone.

Yale 5 ya mwisho yalinitoa jasho zaidi. Kuzungumza na wenzako mabaya ya kazini, kwa Kiswahili, kunasikika kama kupiga majungu, na nani atajiandikia hilo? Tena fomu zilikusanywa na msimamizi wao. Zikarudi sifuri mtindo mmoja. Majibu yakifanana hivyo hakuna takwimu itakayokuokoa. Awamu ya pili tuliweka sanduku lenye kufuli, bila majina, msimamizi akakaa mbali.

Hesabu zina vitabu vyake, sitakaa sana. Wengi hukadiria watu 10 kwa kila swali, yaani 180 hapa. Uchanganuzi wa faktari, hesabu ya kuona maswali gani majibu yake yanakwenda pamoja, uonyeshe kama yale makundi 3 bado yanasimama. Alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi maswali ya kundi moja yanavyoshikamana, ianzie 0.70; baadhi ya watu walijibu dodoso tena baada ya wiki 2, uone kama majibu yao yanabaki yaleyale. Swali likishusha alfa usikimbilie kulifuta. Nenda ukawasomee watu kwanza.

Lile la changamoto tuliliandika upya: "Nilijitolea kufanya kazi ngumu kuliko nilizozizoea." Nikalirudisha stoo. Mzee akasoma mara mbili, akatikisa kichwa kukubali.

"Hili sasa nimelielewa. Ila hiyo kazi ngumu, inalipwa?"