Fedha za Afya: Mbunge Apimwe kwa Alichopunguza

Mhariri,

Swali lenu la juma hili ni hili: mbunge anayejiita mtetezi wa afya apimwe kwa kigezo gani? Ukiuliza swali hilo katika soko la Kibuye hapa Kisumu, utajibiwa ambulensi, halafu zahanati, halafu bili ya hospitali aliyoilipia familia fulani ili maiti itolewe ikazikwe. Siwabezi wanaojibu hivyo, kwa sababu aliyesaidiwa katika msiba ana haki ya kushukuru. Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya hayo matatu ambalo Katiba ilimtuma mbunge kulifanya, na mimi, nikiwa mjumbe wa kamati ya zahanati moja ndogo upande wa Nyando, ningempima kwa jambo ambalo halipigwi picha: wakati wa bajeti, alitaja fungu lipi lipunguzwe ili afya iongezewe?

Sababu yangu imo katika kifungu cha 39 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012. Kifungu hicho kinaliruhusu Bunge la Kitaifa kurekebisha makadirio ya matumizi yaliyoletwa na Wizara ya Fedha, lakini kwa sharti kwamba kila nyongeza katika fungu moja isawazishwe kwa punguzo katika fungu jingine. Maana yake ni kwamba mbunge anayesimama mwezi Februari, Taarifa ya Sera ya Bajeti inapofika bungeni, au mwezi Mei, kamati zinapochambua makadirio, akadai mabilioni zaidi ya dawa na wauguzi bila kutaja barabara, safari, semina au ofisi itakayopungukiwa, ni sawa na baba anayewaahidi wanawe karo bila kusema ng'ombe yupi atauzwa. Hotuba yake itaandikwa kwenye kumbukumbu za Bunge, watu wa nyumbani wataisikia redioni, na Kamati ya Bajeti haitakuwa na la kufanya nayo. Ndiyo maana huwa sishtuki ninaposikia kwamba mbunge fulani "alipigania afya" na mwaka wa fedha ukaanza Julai bila shilingi moja kuhama.

Wapo watakaosema kwamba mbunge anaweza kuleta mswada wake mwenyewe wa matibabu ya bure. Kuuleta anaweza. Lakini kifungu cha 114 cha Katiba kinasema kuwa mswada unaotwika hazina ya umma mzigo hauendelei ila kulingana na pendekezo la kamati husika, baada ya kamati hiyo kuzingatia maoni ya waziri wa fedha. Kwa hiyo hata njia ya mswada inamrudisha mbunge wetu kwenye meza ile ile, penye swali lile lile la nani apunguziwe.

Tuangalie hesabu yenyewe. Juni 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi, ambaye kabla ya hapo alikuwa mbunge wa Suba Kusini na baadaye mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Uhasibu wa Fedha za Umma, alisoma bajeti ya shilingi trilioni 4.29 kwa mwaka wa 2025/26. Sekta ya afya ilitengewa bilioni 138.1, na ndani yake Hazina ya Afya ya Msingi, ambayo ndiyo inayopaswa kulipia huduma katika zahanati na vituo vya afya, ikapata bilioni 13.1, huku hazina ya dharura na magonjwa sugu ikipata bilioni 8. Kwa kila shilingi 100 za bajeti hiyo, afya ilipata takriban 3. Hapo ndipo wabunge hupenda kukumbusha Azimio la Abuja la Aprili 2001, ambapo nchi za Afrika, Kenya ikiwemo, ziliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Mimi huona ulinganisho huo una hila kidogo, kwa sababu huduma nyingi za afya ziligatuliwa, na fedha zinazolipa wauguzi wa zahanati yetu hazimo katika hizo bilioni 138.1. Zimo katika mgao wa kaunti.

Na hapa ndipo ningeomba wasomaji wenzangu watulie kidogo, maana kura kubwa zaidi ya afya ambayo mbunge hupiga haitajwi kuwa kura ya afya. Ni kura ya Mswada wa Ugavi wa Mapato, ule unaogawa mapato kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Mwaka 2025, Bunge la Kitaifa lilipitisha shilingi bilioni 405.1 kwa kaunti zote 47, Seneti ikasimama kwenye bilioni 465, na mvutano ukaishia kwenye upatanisho wa bilioni 415. Mbunge aliyepigia kura ile bilioni 405.1 asubuhi, kisha jioni akalalamika runingani kwamba hospitali za kaunti hazina dawa, alikuwa akilalamikia kura yake mwenyewe. Mwaka mmoja kabla ya hapo mambo yalikuwa magumu zaidi. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipoondolewa kufuatia maandamano ya Juni, mgao wa kaunti ambao ulikuwa umekwisha kupitishwa kuwa bilioni 400.1 ulishushwa hadi bilioni 387.4. Niliwaunga mkono vijana waliokataa kodi zile na bado nawaunga mkono, lakini kupotea kwa takriban bilioni 12.7 kulihitaji wabunge wa kuuliza kwa nini kaunti zibebe sehemu hiyo, na ni ofisi zipi za Nairobi zingeweza kuibeba badala yake. Kelele za wakati huo zilikuwa kuhusu kodi, na nchi ilikuwa na haki ya kuzipiga, ila sura ya pili ya hesabu haikupata watazamaji wengi.

Kuhusu zahanati na ambulensi nitasema machache tu. Chini ya Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge iliyoanzishwa mwaka 2003, wabunge walijenga zahanati nyingi, na si chache zilibaki kuta na mabati kwa kukosa wahudumu. Tangu sheria ya mwaka 2015, fedha hizo zinapaswa kutumika kwa majukumu ya serikali ya kitaifa, ilhali Jedwali la Nne la Katiba limeiachia kaunti zahanati, vituo vya afya na ambulensi. Mbunge anayezindua ambulensi yenye picha yake ubavuni anazindua gari ambalo dereva, mafuta na matairi yake huenda hayakupangiwa fedha na yeyote.

Kisa cha wahudumu wa mpango wa afya kwa wote kinaeleza vizuri zaidi ninachokusudia. Desemba 2018, Rais Uhuru Kenyatta alizindua hapa Kisumu majaribio ya mpango huo katika kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Machakos na Isiolo. Mwaka 2020, wahudumu waliajiriwa kote nchini kwa kandarasi, wakilipwa na serikali ya kitaifa huku wakifanya kazi katika vituo vya kaunti. Kwa miaka kadhaa wahudumu zaidi ya 7,000 walikuwa wa serikali mbili na si wa yeyote, wakaandamana hadi nje ya makao makuu ya Wizara ya Afya, na ni mwaka 2025 tu ndipo walipohamishiwa kaunti. Mzozo wenyewe haukuwa wa nani anawapenda wahudumu, bali wa fungu gani litawalipa na kwa kiwango gani, na kama fedha zitaandamana nao wanapohama. Hilo ni swali la bajeti tangu mwanzo hadi mwisho. Lingejibiwa bungeni siku kandarasi zilipotolewa, lisingelazimika kujibiwa barabarani.

Jaribio kubwa zaidi kwa eneo letu lilianza Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Kisumu, Homa Bay, Siaya na Migori ni miongoni mwa kaunti zenye viwango vya juu zaidi vya maambukizi ya virusi vya UKIMWI nchini, na kliniki zetu za dawa za kupunguza makali zilikuwa zimeegemea fedha hizo kwa miaka zaidi ya 20, kuanzia dawa zenyewe hadi mshahara wa kijana anayeingiza majina kwenye kompyuta. Katika hali kama hiyo Bunge lina chombo kimoja cha haraka, nacho ni bajeti ya ziada. Kifungu cha 223 cha Katiba kinairuhusu serikali kutumia fedha kwa jambo lisilotarajiwa na kuomba idhini ya Bunge katika muda wa miezi miwili, mradi isizidi asilimia 10 ya fedha zilizoidhinishwa mwaka huo. Chombo hicho hutumika mara kwa mara, na mara nyingi wananchi hawajui kilipotumika, kwa sababu hakina siku yake ya waziri kuinua mkoba wa bajeti wala hotuba ya saa mbili. Desemba 2025 yakaja makubaliano mapya jijini Washington, ambapo Marekani iliahidi dola bilioni 1.6 kwa miaka mitano na Kenya ikaahidi kuongeza matumizi yake ya afya kwa dola milioni 850. Sehemu kubwa ya mjadala wa umma ilihusu data za wagonjwa, jambo ambalo mahakama ililishughulikia. Mimi nawauliza wabunge wetu kuhusu hizo milioni 850: waziri akishatia sahihi, ni mafungu yapi yatapunguzwa mwaka wa kwanza, na yapi mwaka wa tano?

Swali hilo halina pa kujificha katika eneo hili, kwa kuwa kufikia mwaka 2025 viti vyenye uzito katika mambo haya vilikuwa vimekaliwa na watu wa huku kwetu magharibi mwa nchi. Kamati ya Bajeti na Matumizi iliongozwa na Samuel Atandi wa Alego Usonga, Kamati ya Afya na Dkt. James Nyikal wa Seme, daktari wa watoto aliyewahi kuwa mkurugenzi wa huduma za matibabu nchini, Kamati ya Uhasibu na Tindi Mwale wa Butere, na kule Seneti kamati inayokagua hesabu za kaunti ikaongozwa na Moses Kajwang' wa Homa Bay. Bajeti inapopangwa, inapochambuliwa na inapokaguliwa, yupo mtu wetu mezani. Miaka ya nyuma tulizoea kulalamika kwamba Nairobi imetusahau, na malalamiko hayo yalikuwa na msingi, ila kwa kipindi hiki yametuponyoka.

Ukaguzi ndio unaonitia shaka zaidi. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, kwa mwaka wa 2023/24 ilieleza kwamba mfumo wa teknolojia wa bima mpya ya afya, wenye thamani ya shilingi bilioni 104.8, haumilikiwi na serikali. Hii ndiyo bima iliyochukua nafasi ya bima ya zamani ya taifa, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, ambayo mfanyakazi anaikatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na asiye na ajira hulipa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kifungu cha 229 cha Katiba kinalipatia Bunge miezi mitatu kujadili ripoti ya ukaguzi na kuchukua hatua baada ya kuipokea. Ukitaka kujua hatua hiyo huchelewa kiasi gani, kumbuka mitambo ya hospitali iliyokodishwa na serikali ya kitaifa kuanzia mwaka 2015 kwa hospitali 98. Kila kaunti ilianza kukatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, kisha tangu 2018 milioni 200, iwe mashine zinafanya kazi au zimefunikwa turubai kwa kukosa umeme na wataalamu. Ripoti kali ya kamati maalumu ya Seneti ilikuja mwaka 2020. Kwa miaka yote hiyo makato yalipita bungeni kila mwaka, ndani ya bajeti, mbele ya watu tuliowachagua, na magavana waliogoma mwanzoni kutia sahihi mkataba wa mitambo hiyo waliambiwa wanachelewesha maendeleo.

Sasa hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wakazi wa Kisumu bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, imepandishwa hadi ngazi ya sita, iliyo ya juu kabisa, mwaka 2025 na kuwa shirika la serikali ya kitaifa. Wengi walishangilia kwa matumaini ya madaktari bingwa, nami nilishangilia. Lakini pamoja na hadhi hiyo, bajeti ya hospitali imetoka mikononi mwa bunge la kaunti, na wawakilishi wadi waliokuwa wakimwita msimamizi wake ajieleze hawatapitisha tena makadirio yake. Fungu lake sasa litasomwa Nairobi, katika vitabu vile vile vya makadirio ya bajeti. Mgonjwa akiambiwa akanunue glavu na uzi wa kushonea katika duka la dawa lililo ng'ambo ya lango, wabunge wa Kisumu hawatakuwa tena na lile jibu lao la zamani kwamba mambo ya hospitali hiyo aulizwe gavana.