Paka wa mtaani: maswali yenu

Asalaam aleikum. Hapa kichochoroni kwetu Mji Mkongwe nawapa paka wali na vichwa vya samaki kila jioni, lakini kila mwezi wanazidi. Niache? (Dada, Unguja)

Waaleikum salaam, dada yangu. Usiache, ila chakula peke yake hakitoshi. Paka jike hushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, hubeba wiki tisa hivi, na huweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Watoto wenyewe wengi hufa wachanga, kwa njaa, mafua au magurudumu ya pikipiki. Wanaobaki nao wanazaa.

Kinachosaidia ni kuwafunga kizazi. Walishe saa ileile, mahali palepale, mpaka wazoee. Kisha tega kizimba chenye mlango unaojifunga, mpeleke uliyemnasa kwa daktari wa mifugo, na akipona mrudishe palepale ulipomtoa. Akiwa bado amelala kwa dawa, daktari humkata ncha ya sikio, ili siku nyingine mkimwona mjue huyo tayari. Anza na majike, maana dume mmoja aliyebaki huwatosha wote. Na usikubali ushauri wa kuwabeba ukawatupe sokoni Darajani: hapo kwenu penye mabaki ya samaki hawakosi paka, wataingia wapya ambao hawajafungwa.

Gharama ni kubwa kwa mtu mmoja, najua. Changishaneni, mpeleke mmoja kila mnapopata.

Jirani yetu amesema atatega sumu. Nimwambie nini? (Kijana, Mombasa)

Muulize kwanza kinachomkera. Mara nyingi ni mikojo ya madume mlangoni na vilio vya usiku wakati wa kupandana, na vyote viwili hupungua sana wakihasiwa. Mwambie hivyo, tena jitolee kumsaidia kufua zulia lake. Akishikilia, mkumbushe kwamba sumu haichagui: kuku wataila, na mtoto anayetambaa ataiokota. Kenya kuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Na kama ni mtu wa msikitini, anaijua hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhini.

Nimekuta vipaka vitatu kwenye boksi karibu na jaa, macho hayajafunguka. Niwape maziwa? (Mama, Tanga)

Joto kwanza, mama. Kipaka aliyepoa hawezi kusaga chakula. Chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa kanga inatosha. Maziwa ya ng'ombe yatawaharisha, na kuhara huwamaliza upesi. Ulizia maziwa ya unga ya vipaka kwa daktari wa mifugo au duka la dawa za mifugo, uwape kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, wakiwa wamelala kifudifudi. Ukiwalaza chali kama mtoto wa binadamu, maziwa huingia mapafuni. Kila wakishakula, wapanguse chini ya mkia kwa kitambaa chenye unyevu, maana hawawezi kukojoa bila kusaidiwa. Ukimpata jike anayenyonyesha, jaribu kwake: wengi hupokea watoto wasio wao, naye atafanya kazi hii vizuri kuliko sisi.

Mke wangu ni mjamzito, wazee wanataka tumtupe paka wetu. (Baba, Dar es Salaam)

Msimtupe. Wanaogopa toksoplazma, maradhi ya vijidudu vya kinyesi cha paka yanayoweza kumdhuru mtoto tumboni, nayo yapo kweli, lakini kinyesi cha paka huhitaji angalau siku nzima kabla ya kuweza kuambukiza. Basi wewe, baba, safisha kila siku, mke wako asikiguse. Nyama iive kabisa, na mboga zioshwe: maradhi haya huingia sana kwa njia hizo.

Paka niliyekuwa namlisha ameniuma kidole. Nimepaka spiriti, yatosha? (Msomaji, Malindi)

Haitoshi. Osha sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali leo hii ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Paka naye huupata na kuuambukiza, na dalili zikishaanza hauna tiba.