Wakati Ujao wa Kihispania na Mkazo Unaotuponyoka

Tangu nilipotangaza kwamba nimefaulu DELE, mtihani wa kimataifa wa Kihispania, katika kiwango cha kati cha B1, jambo ninalolionea fahari kubwa, wasomaji wamekuwa wakiniandikia, na mmoja wao kutoka Kasarani, Nairobi, ameniuliza jinsi vitenzi vya kawaida vya Kihispania vinavyobadilika katika wakati ujao.

Kanuni yenyewe ni fupi. Chukua kitenzi kizima kama kilivyo katika kamusi, usikate chochote, kisha uongeze mwishoni -é, -ás, -á, -emos, -éis au -án kulingana na nafsi. Kutokana na hablar, yaani kusema, tunapata hablaré (nitasema), hablarás (utasema), hablará (atasema), hablaremos (tutasema), hablaréis (mtasema) na hablarán (watasema). Vitenzi vinavyoishia kwa -er na -ir hupokea viambishi hivyo hivyo: comer, kula, huwa comeré, nitakula; vivir, kuishi, huwa viviré, nitaishi.

Kazi kubwa iko kwenye mkazo. Sisi tuliokulia katika Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila hata kufikiri, ilhali hapa Kihispania kinautaka kwenye silabi ya mwisho, na ndiyo sababu alama ya mkazo (´) huandikwa juu ya irabu. Hablaremos pekee hufuata mazoea yetu, nayo haina alama. Ukiitamka hablará kwa mkazo wetu, umesema hablara, umbo jingine linalotumika baada ya si (kama) katika sentensi za masharti: si hablara, yaani kama angesema.

Mwalimu mmoja wa madarasa ya jioni, katikati ya jiji, aliwahi kunikatiza mbele ya wenzangu na kusema kwamba ulimi wa Mkenya hautazoea Kihispania kamwe. Maneno hayo yananiuma hadi leo, kwa sababu nilichohitaji ni mtu wa kunionyesha silabi moja tu. Niliitafuta mwenyewe, nikirudia maumbo hayo sita kwa sauti ndani ya matatu za Thika Road, abiria wakinitazama.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usimruhusu mtu akupimie uwezo wako. Soma kwa sauti, andika alama kila mara, kisha usome tena kwa sauti. Utakapokutana na vitenzi visivyo vya kawaida, kama tener inayokuwa tendré, hacer inayokuwa haré na decir inayokuwa diré, utaona kwamba kinachobadilika ni shina tu; viambishi ni vilevile, na mkazo unabaki palepale.