Mtoto wa mbwa hafundishwi ukali

Ukileta mtoto wa mbwa nyumbani hapa Dar, ushauri unaanza kumiminika kabla hajazoea hata bakuli lake. Mfungie bandani mchana kutwa awe mkali. Mtilie pilipili kwenye ugali. Asizoee wageni. Niliambiwa yote hayo na watu wenye nia njema, na sikufuata hata moja. Pilipili humchoma tumbo tu. Na mbwa aliyefungiwa tangu utotoni huwa mwoga, na mbwa mwoga huuma yeyote aliye karibu, wakiwemo watoto wa nyumba hiyo hiyo.

Miezi mitatu minne ya mwanzo ndipo anapojifunza lipi ni la kawaida na lipi la kutisha. Bodaboda, muuza samaki anayenadi, mwavuli, mama aliyevaa baibui, watoto wanaokimbizana: akivizoea akiwa mdogo, ukubwani havimshtui. Shida ni kwamba wakati huo huo chanjo zake hazijakamilika, na ugonjwa wa pavo hauna mchezo. Mtoto anatapika, anaharisha damu, na siku chache tu zinatosha kumuua. Virusi vyake hukaa ardhini miezi mingi. Kwa hiyo wetu tulimbeba mikononi mpaka barabarani, akatazama dunia bila kukanyaga chini. Majirani walicheka sana, waache wacheke. Chanjo ya pavo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa huchomwa akifikisha miezi 3, kisha daktari wa mifugo atakupangia marudio. Hiyo usiiahirishe hata ukiishiwa hela.

Habari ya mkojo ni fupi. Mtoe nje akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na umsifu pale pale anapojisaidia. Kumsukuma pua kwenye mkojo wa saa nzima iliyopita humfundisha kukuogopa wewe, na atatafuta nyuma ya kochi pa kujificha.

Kung'ata ndiko kutakakokuchosha. Kuanzia miezi 4 hivi meno ya utotoni yanang'oka, fizi zinamuwasha, na ndala zote za nyumba hii zilipata alama. Kitambaa kilicholowekwa na kugandishwa kwenye friji kilitusaidia kuliko fimbo. Akikung'ata mkono, nyamaza, simama, ondoka, mchezo umekwisha. Watoto wanaopiga kelele na kukimbia wanamchochea, kwa hiyo na wao wafundishwe. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika vipande vyenye ncha na kumchana ndani.

Kurukia watu nilikukomesha mapema kuliko mengine. Mtaani kwetu majirani wengi ni Waislamu, na mate ya mbwa kwenye kanzu ya mtu anayekwenda msikitini ni najisi, atalazimika kurudi nyumbani kujisafisha. Hilo si suala la mbwa wako kuwa mpole au mkali, ni heshima ya ujirani. Geti likigongwa, wetu anakaa kwanza ndipo mlango unafunguliwa. Kila aliyeishi humu ndani ilibidi akubali kanuni hiyo, dada wa kazi na babu pia, maana mmoja akimruhusu, kazi ya wote imeharibika.

Halafu, ukidhani umemaliza, anafika miezi 7 au 8 na masikio yanaziba. Unamwita, anakutazama, anaendelea kuchimba. Ni ujana, utapita, ila mbwa wengine huchukua zaidi ya mwaka. Mrudishe kwenye kamba ndefu, umwite pale tu unapoweza kumvuta taratibu aje, na akija apate kipande cha dagaa, hata kama ametoka kuharibu bustani. Ukimwita ili umchape, kesho haji.